Chuma Kinapokataa Kufunga

Bastola ya silinda inapokataa kufunga, mkono hutaka kufanya jambo moja tu: kuongeza nguvu. Silinda ilitolewa ubavuni, ikajazwa risasi, sasa inarudishwa mahali pake, nayo inasimama kabla ya kufika, pengine kwa unene wa ukucha. Kidole gumba kinasukuma. Kiganja kinakuja kusaidia. Hapo ndipo silaha nyingi huharibika, na hapo ndipo mtu huweza kupoteza kidole au zaidi ya kidole. Mimi nataka kuitetea bastola hiyo inayokataa. Naamini ina haki, na naamini mwenye kuishika anadaiwa usikivu kabla ya nguvu.

Silinda ni pande la chuma la mviringo lenye vyumba, mara nyingi sita, vilivyopangwa kuuzunguka mhimili mmoja. Kila chumba hubeba risasi moja. Ukivuta nyundo au kifyatulio, kidole kidogo cha chuma kilichofichwa ndani huisukuma silinda izunguke kwa kiasi cha chumba kimoja, kisha kikomeo cha chini huingia kwenye pengo lake na kuishika palepale, chumba kikiwa kimeelekeana na mtutu. Samuel Colt wa Marekani alipata hataza ya mpango huo mwaka 1836. Silinda za bastola zake za mwanzo hazikutoka ubavuni. Mtindo huo ulishika mizizi mwaka 1889, kampuni ya Colt ilipotoa bastola iliyonunuliwa na jeshi la majini la Marekani, na Smith & Wesson wakafuata na ya kwao mwaka 1896. Waingereza walikuwa na njia yao: Webley, ambayo maofisa wao walikwenda nayo katika Vita Kuu ya Kwanza, hukunjuka kwenye bawaba iliyo mbele ya kifyatulio, mtutu ukiinama chini pamoja na silinda, na maganda yote yakaruka nje kwa mara moja.

Katika bastola ya kutoa silinda ubavuni, nafasi iliyoachwa kwa ajili ya kosa ni ndogo mno. Mbele, kati ya uso wa silinda na kitako cha mtutu, huachwa mwanya wa karibu sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Ukizidi hapo, gesi ya baruti huvuja kwa wingi pembeni. Ukipungua, masizi ya risasi chache hutosha kuikwamisha silinda. Bastola ya Nagant ya mwaka 1895, iliyobuniwa Ubelgiji na kupendwa na jeshi la Urusi, iliuziba mwanya huo kwa kuisogeza silinda mbele kila inapotaka kupiga, lakini malipo yake ni kifyatulio kizito kinachochosha kidole. Nyuma nako, kati ya vitako vya risasi na ukuta wa kiunzi, yaani mwili wa bastola unaoishika silinda, nafasi ni ya kubana vivyo hivyo. Kwa hiyo silinda inaposema haipiti, huwa imegusa kitu halisi. Kazi ni kukitafuta.

Kutafuta kunaanza kwa kutoa risasi zote na kuziweka mbali, mezani pengine, si mfukoni. Kisha kila chumba kinatazamwa kwa jicho na kuguswa kwa ncha ya kidole, kwa sababu gizani jicho hudanganya. Hatua hii haina mjadala. Anayeiruka hastahili kushika bisibisi.

Sasa ifunge ikiwa tupu. Nalipenda jaribio hili kwa sababu linaigawa dunia mara mbili kwa tendo moja. Ikifunga vizuri ikiwa tupu na kugoma ikiwa imejazwa, bastola haina kosa: kosa limeingia pamoja na risasi. Huenda ni risasi ya namna nyingine kabisa, inayofanana kwa macho lakini ina mdomo mrefu au ukingo mnene zaidi. Huenda fataki ya mojawapo haikuzama vyema kwenye kitako cha ganda, imebaki imetokeza kidogo kama chunusi, na kila silinda inapojaribu kupita, ile fataki inasugua ukuta wa kiunzi. Mtu asome hapo tena polepole. Fataki ndiyo inayolipuka inapogongwa. Kusukuma silinda kwa nguvu juu ya fataki iliyotokeza ni kujaribu kwa kiganja kazi ambayo pini ya kugongea fataki iliumbwa kuifanya. Bastola iliyokataa kufunga katika hali hiyo ilikuwa inamkinga mwenye nayo.

Au tatizo liko chumbani. Bastola ya .357 Magnum hupokea pia risasi fupi za .38 Special, na wengi huzitumia kwa sababu ni laini mkononi na bei yake ni nafuu. Lakini risasi fupi huacha pete ya masizi mbele ya pale ganda linapoishia. Siku inapotiwa risasi ndefu, ganda lake hufika kwenye ile pete na kusimama. Kitako kinabaki nje kidogo, silinda haipiti. Dawa yake ni brashi, kiowevu cha kusafishia na muda.

Ikiwa inagoma hata ikiwa tupu, basi msako unahamia kwenye bastola yenyewe. Pa kuanzia ni nyota, kile kipande chenye ncha kilicho nyuma ya silinda, kinachoyasukuma maganda nje. Chini ya nyota hiyo huingia punje za baruti ambazo hazikuungua. Punje moja, nyembamba kuliko mbegu ya ufuta, inatosha kuinyanyua nyota na kuifanya silinda nzima iwe ndefu kuliko nyumba yake. Mtu atahangaika jioni nzima akidhani chuma kimepinda, kumbe ni punje. Kisha itazamwe fimbo ya kutolea maganda: hufungwa kwa nyuzi za skrubu, na mitikisiko huilegeza, ikarefuka mbele na kushindwa kuingia kwenye kikomeo chake. Zungusha silinda taratibu ukiitazama ncha ya fimbo. Ikicheza kwa kuyumba, imepinda.

Na mkono unaoibeba silinda nao hupinda, na unapindishwa na binadamu. Katika filamu, mwigizaji huirudisha silinda kwa kuitikisa bastola kwa ubavu, tak! Watazamaji hufurahi. Kila mtikiso wa namna ile hutua kwenye kipande kile kimoja chembamba, na baada ya muda silinda inaacha kurudi mahali pake sawasawa. Hapa mwenye bastola hana la kufanya nyumbani. Kunyoosha mkono wa silinda kunahitaji fundi mwenye vipimo na vifaa, naye anayejaribu kwa nyundo ataishia kuwa na chuma kisichofaa hata kwa uzani.

Mkulima wa Mbinga, kusini mwa Tanzania, anaujua mkasa huu ingawa hajawahi kushika bastola. Msimu wa kahawa, mashine ya kumenya inapoletwa uani, kuna ngoma inayozunguka na kuna bamba linaloikabili, na kati yao pana nafasi ambayo kahawa mbivu hupita. Nafasi ikibana mno, punje zinachanika na ngozi yake nyeupe, na kahawa iliyochanika huchacha vibaya na kushushwa daraja. Ikiachia mno, tunda linapita na ganda lake jekundu. Kokoto moja kutoka kwenye kikapu ikikwama pale, ngoma husimama. Nimewatazama wakulima wa huko, Umatengoni, wakati huo. Aliye mzoefu haushiki mkono wa mashine akaulazimisha. Anaurudisha nyuma nusu mzunguko, anamwaga maji, anaingiza kidole kwa uangalifu na kutoa kokoto. Kijana aliye pembeni akiuliza, "Baba, tusukume wote?" anajibiwa asubiri kwanza. Subira hiyo imewalisha watu milimani kwa miaka mingi, tangu kahawa ya arabika ilipoanza kupandwa huko katika miaka ya 1920, pamoja na mashamba ya ngoro, yale mashimo yanayochimbwa kwenye miteremko ili mvua isiuchukue udongo.

Silaha ambayo vijiji vya Mbinga na Nyasa vinaijua zaidi ni gobore, na gobore halina cha kufunga. Hushindiliwa kutoka mdomoni: baruti, kitambaa au sufi, kisha goroli au vipande vya chuma, vyote vikikandamizwa kwa mdeki. Fataki huwekwa nyuma, juu ya chuchu ya chuma, na nyundo huigonga. Limewafukuza nguruwe pori na nyani katika mashamba ya mahindi na mihogo vizazi kwa vizazi, na limewaua watu pia, wengine wakiwa ndio waliolibeba. Kwa sababu halifungi, gobore halimpi mtu onyo la mapema. Ukitia baruti maradufu kwa kusahau, linapokea. Ukishindilia goroli lisilofika chini na kuacha pengo juu ya baruti, linapokea. Mtutu ukiwa ni bomba la maji lililookotwa na fundi wa kijijini, linapokea kila kitu bila neno mpaka dakika ya kulipuka, na hapo bomba hupasuka karibu na uso. Nikilinganisha silaha hizi mbili, naona bastola imeendelea hasa kwa kuwa ina mahali pengi zaidi pa kukataa.

Naifikiria hoja hii kila ninaposhuka kutoka milima ya Umatengo kuelekea Ziwa Nyasa na kufika Liuli. Kuna mwamba mkubwa pale unaoitwa Pomonda, umesimama majini karibu na ufuko, na wazee huusimulia kama mahali ambapo watu wa pwani walijificha Wangoni walipovamia. Wajerumani waliuona mwamba huo, wakaona unafanana na Sphinx wa Misri, wakaiita bandari Sphinxhafen. Hapo ndipo palipokuwa na sehemu ya kupandishia na kukarabati meli yao, Hermann von Wissmann, ambayo ililetwa Afrika kwa vipande mwanzoni mwa miaka ya 1890, kisha ikaunganishwa.

Agosti 1914 meli hiyo ilikuwa nchi kavu, imepandishwa kwa matengenezo. Nahodha wake alikuwa Berndt. Upande wa pili wa ziwa Waingereza walikuwa na meli ya mizinga iitwayo Guendolen, chini ya Kamanda Rhoades. Wawili hawa walifahamiana vizuri na walikuwa wakikutana na kunywa pamoja meli zao zilipokuwa bandari moja. Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani tarehe 4 Agosti. Habari ilimfikia Rhoades pamoja na amri ya kuiharibu meli ya rafiki yake. Haikumfikia Berndt.

Alfajiri ya tarehe 13 Agosti, Guendolen ilitokea mbele ya Liuli na kuanza kufyatua. Mzinga wake ulikuwa mdogo na haukuwa umetumika kwa muda mrefu, na makombora yalikuwa yamekaa ghalani miaka mingi. Mengi yalikataa. Kizibo cha nyuma kilifunguliwa, kombora likaingizwa, kizibo kikafungwa, pini ikagonga, kimya. Wanaojua mizinga wanajua kimya hicho kinatisha kuliko mlipuko, kwa sababu fataki ya zamani huweza kuchelewa na kuwaka baada ya muda, na anayefungua kizibo haraka hupokea moto usoni. Kanuni ni kungoja. Kwa hiyo pale majini palikuwa na watu waliolazimika kusimama na kungoja, kombora baada ya kombora, mbele ya kijiji kilichokuwa ndiyo kwanza kinaamka.

Hatimaye mzinga ulipata shabaha. Berndt, kwa yote yanayosimuliwa, alipanda mashua ndogo akapigiwa makasia hadi kwenye Guendolen kwa hasira, akimuuliza Rhoades kama amelewa. Hakudhani ni vita. Alidhani ni rafiki aliyepotewa na akili. Akaelezwa kwamba nchi zao zinapigana na kwamba yeye sasa ni mateka. Gazeti la The Times huko London lililitangaza tukio hilo kama ushindi wa majini katika Ziwa Nyasa. Meli iliyopigwa ilikuwa nchi kavu, haikuweza hata kuelea.

Tukio hili husimuliwa mara nyingi kwa kicheko, na vitabu vingi vya Kizungu hulipita kwa kicheko hichohicho. Mimi silicheki. Nafikiria zile dakika ambazo mzinga ulikataa. Chuma na baruti ya zamani viliwapa watu wale kitu ambacho serikali zao hazikuwapa: muda. Rhoades angeweza kutuma mashua na barua. Angeweza kumwita Berndt, kumwambia vita vimeanza na kwamba meli iliyo juu ya magogo imekwisha kukamatwa, na matokeo yangekuwa yaleyale: nahodha mateka, meli isiyotumika. Muda ulitumika kuingiza kombora jingine. Simlaumu peke yake. Alikuwa askari mwenye amri mkononi. Lakini mimi naamini kukataa kwa silaha kunamwachia binadamu nafasi ya kuuliza kuna nini hapa, na historia ya pwani ile inanionyesha jinsi nafasi hiyo inavyojazwa upesi na nguvu.

Mei 1915 Waingereza walirudi Liuli wakashusha askari na kuiharibu zaidi meli iliyokuwa ingali pale juu. Baadaye wakaikarabati, wakaiita King George, ikawafanyia kazi ziwani. Kati ya matukio hayo vita vilizidi kuwa vikubwa. Vikosi vya Jenerali Northey wa Uingereza viliingia kutoka kusini magharibi na Songea ikachukuliwa mwaka 1916. Novemba 1917 Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alivuka mto Ruvuma kwenda Msumbiji, akarudi Septemba 1918 akipita tena katika nchi ya Wangoni ambayo haikuwa na chakula cha kutoa. Nchi hiyo ilikuwa bado na majonzi ya vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, vya miaka 1905 hadi 1907, na ya tarehe 27 Februari 1906, siku Wajerumani walipowanyonga kwa pamoja machifu na wapiganaji Songea mjini. Waliobeba mizigo ya vita vya Waingereza na Wajerumani, unga, makombora na vipande vya mizinga, walikuwa watu wa kawaida wa Afrika Mashariki, na walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa na maradhi. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa kama kizibo kifungwe.

Narudi kwenye bastola, kwa sababu ni jambo ambalo mtu bado anaweza kulifanya vizuri leo.

Ufukweni Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, chuma huteseka. Ziwa si la chumvi, lakini hewa yake ni nzito, na silaha iliyofungwa ndani ya soksi au gunia hunyonya unyevu na kuuhifadhi. Mafuta mazito yaliyopakwa miaka iliyopita kwa nia njema hugeuka gundi. Gundi hiyo huingia chini ya nyota ya silinda na ndani ya mkono wake, na bastola ya mzee aliyeitunza kwa heshima inagoma kufunga pasipo kuvunjika kitu chochote. Ngozi nayo huweka asidi: bastola inayolala ndani ya mfuko wa ngozi hushika kutu mapema kuliko iliyolala kwenye kitambaa kikavu. Ikiwa mwenye silaha yuko hai na ana leseni, asafishe kwa utaratibu na aache inapogoma. Akikuta kitu kimepinda, aifikishe kwa fundi mwenye kibali, kwani sheria ya Tanzania ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015 hairuhusu kila mwenye tupa na jiliwa kutengeneza bunduki. Nakubaliana na sheria hiyo kwa moyo wote. Mtu aliyezoea kuchomea mageti akiamua kupunguza uso wa silinda kwa tupa "ili ipite", amekwisha kuondoa zile sehemu za kumi za milimita ambazo uhai wa mpigaji uliegemea, na hakuna wa kuzirudisha.

Lakini mara nyingi bastola hugunduliwa wakati wa matanga. Watoto wanafungua sanduku, wanakuta bastola ya marehemu, mmoja anaitoa silinda aone, kisha hairudi. Ndugu wamekaa sebuleni, mjomba anasema ileteni niifunge mimi. Hapo ningependa awepo mtu mmoja wa kusema, kwa adabu yote, "Mjomba, iache wazi." Silinda iliyo wazi haiwezi kupiga. Kati ya hali zote ambazo silaha ile ingeweza kuwa nayo katika nyumba iliyojaa watoto na wageni, hiyo ndiyo salama kuliko zote, na haifai kuitoa katika hali hiyo ili tu sanduku lifungike vizuri.

Silaha hairithiwi kama shamba la kahawa. Leseni ilikuwa ya mtu, naye ameondoka. Jambo la kufanya ni kumjulisha mwenyekiti wa kijiji au mtaa na kupiga simu kituo cha polisi kabla ya kuondoka nyumbani, ili wasishtuke, na kuwauliza kama watakuja wenyewe au iletwe. Wakisema iletwe, risasi zifungwe peke yake, bastola peke yake, silinda ikiwa nje na kitambaa kimepitishwa katikati ya kiunzi ili isiweze kurudi, pamoja na kitabu cha leseni kikipatikana. Mbebaji aingie kituoni mikono mitupu, mzigo ukiwa umebaki kwenye gari na mtu mzima, amwambie askari wa mapokezi amekuja na nini, kisha asubiri aelekezwe.